Zana Moja ya Kupeleka Buffalo

Irakoze mwanangu,

Naandika nikiwa mezani jikoni, nawe bado uko kanisani unaagana na wanakwaya wenzako. Mama yako anakukaangia sambusa za njiani. Kila akigeuka ananiuliza naandika nini, namjibu naandika habari za trekta, naye anacheka akidhani namtania. Ni kweli tupu. Tangu uzaliwe sijawahi kukuandikia hata ukurasa mmoja, na huu wa kwanza umeangukia kwenye trekta.

Habari za koti zito, mafuta ya gari, kumpigia simu baba yako mkubwa ukikaribia Columbus ili akungoje pale Morse Road, kumsalimia shangazi yako vizuri ukifika kwake Cheektowaga, pembeni mwa Buffalo, yote hayo mama yako ameshakueleza. Kesho atayarudia ukiwa umeshawasha gari. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni lile la Alhamisi.

Alhamisi ulipotoka kazini ukanifuata shambani kwa Mzee Dale, ukakuta nimeshapakia rotaveta, ile mashine ya visu vya kusaga udongo, kwenye trela yako na kuifunga minyororo pande zote. Ulisimama ukaitazama. Nikakwambia, "Hii ndiyo itakayokusaidia, mama. Ni ya bei, na ina nguvu." Ukasema, "Okay, Dad." Basi. Ukinikasirikia kwa Kiswahili huwa nafurahi, maana tunabishana mpaka tunachoka, halafu tunakula. Ukihamia Kiingereza najua umenifungia mlango. Tangu siku ile tunapishana humu ndani kama wapangaji.

Dale alikuwa ameshakwambia uchague zana moja kutoka ghalani mwake, iwe zawadi yake ya kukuaga. Moja tu, kwa sababu pikapu yako kuukuu na ile trela ndogo havibebi zaidi. Yule mama wa kule kwenye vilima vya kusini mwa Buffalo ana trekta na mashine ya kufyeka majani, hana kingine. Amekupa msimu huu mmoja umpandie wanyama wake chakula. Theluji ikikuta vishamba vyake vimeota, kazi ni yako. Ikivikuta vipara, utarudi Louisville kupanga maboksi pamoja nami. Kila kitu chako kinategemea hicho utakachofunga nyuma ya trekta lile. Ukaambiwa uchague wewe, mimi nikachagua.

Nikuambie nimetoka wapi na huku kuchagua.

Kule kambini, Kasulu, hatukuwa watu wa kuchagua. Tulikula kilichogawiwa. Siku majina yalipobandikwa ubaoni, baba yako mkubwa alikuta ameandikiwa Columbus, shangazi yako Buffalo, sisi Louisville. Nilimuuliza kijana wa ofisini Louisville iko wapi. Akasema iko Marekani. Nikamuuliza kama tunaweza kuwekwa pamoja na ndugu zangu, akasema majina yameshatoka. Tulikuwa tumezaliwa nyumba moja, tukalala mkeka mmoja, na sasa ili nimwone dada yangu napita majimbo mawili. Sijawahi kumlaumu yule kijana, naye pengine hakuchagua kazi ile.

Kulima nako kulikuwa na mpaka wake. Kuvuka mpaka wa kambi kwenda kulima ilikuwa marufuku, na waliokamatwa walirudishwa bila jembe. Bibi yako alikuwa na kipande nyuma ya nyumba, hakizidi mkeka wa kulalia watu wawili. Hapo alipanda kunde. Kwa kuwa kilikuwa kidogo, alikilea kama mtoto mchanga. Alichimba kwenda chini mpaka mpini uguse udongo, akaponda madonge kwa vidole, akafukia mbegu mpaka ndege asiione. Na ole wako ukanyage tuta lake. Mimi nilikanyaga siku moja nikikimbilia mpira, na kofi nililolipata bado nalisikia nikipita karibu na udongo uliolimwa. Nimekua nikijua mambo matatu ya shamba: chimba sana, fukia sana, usikanyage kamwe.

Tulipofika hapa, nawe una miaka kumi, nilipata kazi ya ghala. Maboksi na maboksi. Mikono ilikuwa inaniwasha kwa kukosa udongo, nadhani unaikumbuka ile hasira yangu ya bure ya mwaka ule wa kwanza. Mzee Dale alikuwa mmoja wa watu wa kanisa waliotuletea magodoro na sufuria. Aliniuliza kama nahitaji kitu kingine, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kuokoteza kwamba nahitaji udongo. Jumamosi iliyofuata akaleta mfuko mmoja wa plastiki wa udongo wa maua. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Kisha wewe, na umri wako ule, ukamweleza mzee vizuri, naye akatupeleka shambani kwake, njia hiyohiyo ya kwenda Columbus.

Nilipoona ile ardhi nilifikiri mahindi, nikafikiri maharage. Dale akasema hapana, anapanda chakula cha kulungu na bata mzinga wa porini. Nilidhani Kiingereza kimenipita. Nikakuangalia wewe, ukasema, "Ni kweli, Baba. Ni kwa wanyama." Kunde, klova ya malisho, shayiri, figili, vyote wapandiwe wanyama ambao hata zizi hawana.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Kesho yake kazini nikamsimulia Baba Furaha, yule rafiki yangu wa Uvira, naye akaweka boksi chini anitazame vizuri. "Donc, weye unalimiaka banyama?" akasema. "Bon. Na siku banyama batashiba, batakulipa nini?" Wenzetu wote wa zamu walicheka, nami nikacheka. Lakini iliniuma, Irakoze. Niliwaza kile kipande cha bibi yako kisichozidi mkeka. Niliwaza wiki ambazo mgao ulipunguzwa, mama yako ana mimba yako. Halafu mimi niende nikampandie kulungu kunde? Siku niliyopata ujasiri wa kumuuliza Dale sababu, alisema wakati wa mawindo anapata nyama, nasi tutapata yetu. Halafu akasema kwamba tangu mkewe afariki, jioni hukaa barazani kuwatazama wakila. Sikumuuliza tena. Mtu akila mbele ya macho yako, nyumba si tupu sana. Hilo nililielewa.

Mama yako ndiye aliyelichukulia jambo lile kirahisi kuliko sote. Unakumbuka ile kamera ambayo Dale aliifunga kwenye mti ipige picha kila kinachopita? Akatuletea picha Jumapili baada ya ibada, na katikati ya kunde, kitenge kiunoni na mfuko mkononi, amesimama mama yako anachuma majani, ameitazama kamera kama anayepigwa picha ya harusi. Nilitaka ardhi inimeze. Dale akauliza tu yanapikwaje. Alikula kwetu jioni ile, kwa ugali, akaomba aongezewe. Tangu hapo ukingo wa juu wa kila shamba la kunde ni wa mama yako, na kulungu wanakula zilizobaki.

Sasa nije kwenye rotaveta.

Mwaka ule Dale alipofanyiwa upasuaji wa nyonga, alinifungulia ghala la zana akiwa na magongo yake. Kulikuwa na plau, haro ya visahani, rotaveta, mashine ya kufyeka, na nyuma kabisa, chini ya turubai lililojaa mavi ya ndege, rola, lile pipa la chuma la kushindilia udongo. Akaniambia nichague ninachotaka, shamba la klova ni langu mwaka huu. Unajua nilijisikiaje? Tangu nije katika nchi hii, pengine tangu nizaliwe, hakuna aliyewahi kunifungulia mlango akaniambia chagua. Nikachagua rotaveta, kwa sababu ilikuwa na rangi nzuri na visu vingi kuliko zote. Niliangalia mashine. Ardhi sikuiangalia hata kidogo.

Nikaisaga ile miteremko mpaka udongo ukawa kama unga. Nikapiga picha nikawatumia ndugu zangu Columbus na Buffalo, nikaringa. Nikamwaga klova, nikapitisha haro juu yake kuifukia vizuri, kama alivyonifundisha bibi yako. Ikaja mvua kubwa moja. Nusu ya unga wangu ilishuka mtoni, nusu iliyobaki ikakauka ikawa gamba. Klova ni mbegu ndogo kama punje ya mchanga, na mimi nilikuwa nimeifukia kama kunde. Yaliota magugu. Dale alizungukazunguka na magongo yake, akasema, "Tutajaribu tena." Heri angenigombeza.

Mwaka uliofuata nikataka kurudia vilevile, ila kwa bidii zaidi. Ndipo wewe, ambaye ulikuwa umeshajua kuendesha trekta kuliko mimi, ukasema mbele ya Dale, "Baba, klova haitaki kufukiwa. Inataka ilale juu, udongo ushindiliwe uishike. Tutoe ile rola." Nilikugombeza. Nilisema nimelima kabla hujazaliwa, na kwamba udongo uliolimwa haukanyagwi. Nilisema na mengine, na nilisema kwa sauti, na mzee wa watu amesimama pale. Ulikuwa na miaka kumi na saba. Ulichukua ndoo yako ya mbegu ukaenda kwenye kile kipande cha kando ya mto, ukamwaga, ukaanza kutembea. Kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, unakanyaga kwa buti zako kama mtu anayezima moto. Nilikuwa juu ya trekta upande wa pili nikijifanya sikuoni. Kusema kweli kila hatua yako ilikuwa inanipiga lile kofi la bibi yako.

Ulichoka, ukaacha kipande kingine bila kukanyaga. Baada ya wiki kadhaa tukarudi watatu. Kwangu kulikuwa na gamba na vinyasi vya kubahatisha. Kule kwako, mahali ulipopita na kurudia, palikuwa kijani kitupu. Pale ulipoanza kuchoka, ukawa unaacha nafasi, klova ilikuwa imeota mguu mmoja mmoja. Kisigino, vidole, umbo zima la buti, halafu udongo mtupu, halafu buti jingine. Njia ya kijani ilienda ikaishia katikati ya shamba, pale ulipokaa chini. Dale aliinama juu ya gongo lake akatazama kwa muda mrefu. Akaniuliza hiyo ni nini. Nikasema ni mvua. Nikasema maji yalituama pale.

Nawe ulikuwepo, na ulinyamaza. Ungeweza kuniaibisha, ukaniachia. Nimekuwa nikikibeba kile kimya chako miaka yote hii kuliko maneno yoyote uliyowahi kuniambia.

Mwaka jana, 2015, Dale mwenyewe aliitoa rola ghalani, mkaipaka grisi wewe naye, mkaivuta. Shamba liliota kama zulia. Niliisifu mbegu. Nilisema mwaka huu wameuza mbegu nzuri sana. Mama yako alinitazama vile anavyonitazamaga, nikatoka nje.

Kwa hiyo utauliza, na una haki ya kuuliza: kama macho yangu yameona yote haya, kwa nini Alhamisi nikakufungia rotaveta? Nimejiuliza tangu siku ile. Nimejiuliza kazini, nimejiuliza kwenye gari. Nilijiambia ni kwa sababu ni ya bei. Nilijiambia sitaki yule mama wa Buffalo akuone unaingia kwake, binti mweusi peke yake, unavuta pipa la chuma lenye kutu, akadhani umetoka jalalani. Hilo kidogo ni kweli. Lakini lililo kubwa ni kwamba naogopa, mwanangu. Naogopa sana. Ulipokuwa mdogo nilikuwa nakuwekea chakula kwenye sahani, na nilijua umekula nini. Huko unakokwenda sitaona hata udongo wako. Nikatafuta kitu kikubwa, kizito, chenye nguvu, kiende badala yangu. Wala sikukuuliza kama unakitaka. Nilikubandikia ubaoni kama nilivyobandikiwa mimi.

Naona aibu kuandika hivyo, lakini naandika kwa sababu nimeona jinsi mtu anavyorithi vitu bila kujua. Bibi yako hakukosea. Kwa kunde zake, kwenye kipande chake, alikuwa sahihi kila siku ya maisha yake. Mimi ndiye niliyeubeba udongo wake kichwani nikaja nao mpaka huku Kentucky, nikalima wa kwake badala ya ule uliokuwa chini ya miguu yangu. Nawe utabeba wangu, hata usipotaka. Siku moja utakuwa kwenye vilima vile, mvua iko njiani, na utasikia sauti yangu ikikwambia chimba zaidi. Inawezekana siku hiyo nitakuwa sahihi. Inawezekana nitakuwa nakuharibia. Chota udongo wa pale, ukaze kwenye ngumi, uangalie maji yanashukia wapi na mawe yako wapi, halafu uamue bila kuniwazia mimi.

Na ukikosea, maana utakosea, usitafute mvua ya kusingizia kama mimi. Tupigie. Mama yako atakuombea, nami nitakusikiliza mpaka mwisho kabla sijafungua mdomo. Nitajitahidi. Unanijua, ila nitajitahidi.

Leo mchana niliposema naenda kununua vocha ya simu, sikwenda. Nilikwenda kwa Dale. Tumeifungua minyororo, tukaishusha rotaveta kwa lile trekta kubwa, na mzee alinisaidia pamoja na nyonga yake. Trela yako iko mlangoni mwa ghala, tupu, imefagiliwa. Upande wa kulia iko rotaveta, upande wa kushoto iko rola, na plau na haro zipo nyuma yake kama hizo mbili zote hazikufai. Nimezipaka grisi zote, nisije nikaonekana nimependelea. Kesho tukipita pale, nitakuomba uonyeshe kwa kidole tu. Mimi nitapakia, nitafunga, sitatia neno. Maoni ninayo, na yananichoma ulimi hapa nilipo, lakini nitayameza na chai.

Wala usiwaze sisi tunaobaki tutalimia nini shamba la Dale. Ukichukua rotaveta, mimi na mama yako tuna majembe. Ukichukua rola, tuna miguu.

Nasikia gari lako linaingia. Mama yako ameshakwenda mlangoni na sahani. Nitaiweka barua hii chini ya kiti chako cha gari, uisome ukiwa Columbus kwa baba yako mkubwa, wakati ulichochagua kitakuwa kimeshafungwa nyuma yako na siwezi tena kukibadilisha.

Nakupenda, Irakoze. Sijui kama nimewahi kulisema kwa lugha yoyote.

Na ile klova ya kando ya mto haikuwa mvua. Ilikuwa ni miguu yako.

Baba yako